Kutwa Moja na Gravimita Rujewa, Siku Jua Lilipopatwa

Saa kumi na moja alfajiri, Septemba 1, 2016. Kabla sijanawa uso niliangalia betri, kwa kuwa springi ya gravimita, chombo cha kupimia mvutano wa dunia, hukaa ndani ya kisanduku ambacho joto lake halipaswi kubadilika, na betri ikizimika usiku kazi yote imekwenda na maji. Ilikuwa hai.

Saa mbili nilikisawazisha chombo kwa pimamaji zake, juu ya sakafu ya saruji ya stoo tuliyoazimwa. Tunapima kwa maikrogali, ambayo ni takriban sehemu moja ya bilioni ya mvutano wa dunia. Chombo kikididimia milimita 3 tu, maikrogali 1 imeongezeka. Mstari wa usomaji ulipoanza kutetemeka nilitoka kumwomba mama wa jirani ahamishie kinu chake nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, jua na mpunga wangu vimekutania wapi?" aliuliza, lakini akahama.

Saa nne na ushei mwezi uliligusa jua. Hiyo ndiyo saa niliyoingoja, kwani huko Mohe, China, Machi 9, 1997, kundi la mwanasayansi Wang Qian-shen lilisoma upungufu wa mvutano wa maikrogali zipatazo 7 kupatwa kulipoanza na kulipokwisha, wala si jua lilipofunikwa lote. Mimi hushawishika zaidi na maelezo ya watafiti Van Flandern na Yang ya mwaka 2003, kwamba ilikuwa hewa iliyopoa na kuhama, lakini jambo la namna hiyo hulimalizi kwa kubishana.

Karibu na saa sita ikaja pete ya jua kuuzunguka mwezi. Chini ya mwembe kila upenyo wa majani ulichora kipete chake mchangani, na ubaridi ukashuka hata jogoo wakanyamaza. Kijana aliyekuwa zamu alishangaa kuona usomaji umepungua kwa zaidi ya maikrogali 100 tangu asubuhi. Nikamweleza kwamba jua na mwezi, vikiwa karibu utosini pamoja, hutuvuta juu namna hiyo kila mwezi mwandamo, kupatwa kuwepo kusiwepo.

Saa nane kasoro jua lilikuwa zima.

Saa tatu usiku niliondoa kwenye usomaji athari ya mvuto huo wa jua na mwezi, kisha ya kanieneo ya hewa, na mstari ukalala, isipokuwa kilima kimoja kidogo wakati wa pete. Nilifungua daftari la zamu. Kando ya dakika hizo kijana alikuwa ameandika: "Nimetoka mara moja kutazama. Mlango umejibamiza."