Nyambizi ya plaiwudi: filamu ya kutisha isiyohitaji dirisha

Iron Lung, filamu ya Mark Fischbach iliyotoka Januari 2026, imetokana na gemu ya David Szymanski ya mwaka 2022. Mfungwa anafungiwa ndani ya nyambizi chakavu, anazamishwa kwenye bahari ya damu, na kidirisha kimezibwa. Anaongoza kwa ramani na namba tu; akitaka kujua kilichoko nje, anapiga picha ya mnato. Wenzetu wa Bongo Movie waitazame kwa jicho la bajeti: dirisha likizibwa, hakuna bahari ya kutengeneza kwenye kompyuta. Fischbach alitumia takribani dola milioni 3, lakini chumba cha namna hiyo fundi seremala wa Keko, Dar, anakijenga uani.

Mita 2 kwa 2.5 zinatosha. Fremu za mbao za inchi 2x2, plaiwudi ya milimita 9, na kuta ziungwe kwa bolti, siyo misumari, ili utoe ukuta mmoja, upige picha, urudishe. Ukuta usiotoka unakulazimisha kutumia lenzi pana, na lenzi pana hukifanya chumba kionekane ukumbi. Ripiti, zile pini zenye vichwa vya duara zinazounga mabati, ni vizibo vya soda na gundi. Mabomba ya PVC yapigwe msasa kwanza, la sivyo rangi itabanduka. Anza na red oksaidi, rangi nyekundu ya msingi, kisha sponji yenye kahawia na chungwa; michirizi ishuke chini kutoka kwenye kila ripiti, maana kutu hufuata maji.

Damu ndiyo huharibu filamu nyingi. Kwa sakafu nzima, kina cha sentimita 3 ni lita 150. Tandika nailoni nyeusi: damu ya kina kifupi juu ya plaiwudi tupu inaonekana juisi ya tikiti, juu ya weusi inaonekana haina mwisho. Ili iwe nzito, weka konflawa gramu 20 kwa lita, yaani kilo 3. Ikoroge kwenye maji baridi kabla ya kuingiza jikoni, vinginevyo inafanya madonge. Rangi nyekundu ya chakula, halafu kakao kidogo kidogo mpaka wekundu upoe. Ijaribu kwenye kamera, macho yanadanganya. Kwa joto la Dar uji huo kesho yake umechacha, kwa hiyo upikwe siku ya kupiga picha. Damu ya mdomoni ipikwe kando, sukari na maji. Sisimizi watakuja tu.

Taa ziwe za LED za volti 12 kwenye betri ya gari. Volti 230 na sakafu yenye maji ni kuchezea roho za watu. Ikibidi kutumia taa ya umeme wa nyumbani nje ya seti, piga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka 1/60, mistari inaweza kupita kwenye picha.

Nyambizi ikiinama, unainamisha kamera. Ila mnyororo unaoning'inia utakuumbua: seti haikuinama, kwa hiyo mnyororo unabaki sambamba na ukuta. Ufunge uzi, mtu auvute, au uuondoe.

Sauti nayo isiachwe mwisho. Bandika maikrofoni ya piezo, inayonasa mtetemo wa kitu ilichobandikwa, kwenye pipa tupu la lita 200, likwaruze kwa nondo, kisha punguza kasi kwa nusu: sauti inashuka oktava moja na chuma kinaanza kulia. Mazungumzo yarekodiwe usiku wa manane, bodaboda zikipungua, feni zote zimezimwa. Jasho la mwigizaji halitahitaji mpambaji.