Kata Iliyobaki Kibosho

Shangazi aliolewa Desemba 2019, akiwa na miaka 41. Ndiye kitinda mimba wa Bibi, na ndiye aliyenilea pale Tabata tangu nikiwa darasa la tatu, mama alipougua. Kwa hiyo kamati ya sendofu ilipokaa mara ya kwanza na kuulizwa nani ashike fedha, sikusubiri kutajwa. Nilinyoosha mkono.

Vikao tulifanyia Dar kila Jumapili saa kumi, ndugu wa Moshi wakishiriki kwa simu. Aliyewahi kuwa mhazini wa kamati anajua kazi ile: ahadi ni nyingi, fedha taslimu chache, na kila asubuhi unatuma ujumbe wa kukumbushia michango kwa watu wanaokuzidi umri. Ukumbi, mapambo, chakula, MC, matarumbeta, picha na video, ndafu mbili, yaani mbuzi wa kuchomwa wazima. Kikao cha tano tukajikuta tumepungukiwa milioni moja na laki mbili. Nikaanza kukata. Mstari mmoja, wa pombe yetu ya Kichagga ya ndizi na ulezi, ulisomeka: mbege, madebe sita, 240,000. Niliufuta. Kwenye grupu nikaandika kwamba ukumbini vinywaji vitatosha, na kwamba mbege huacha madoa kwenye vitambaa vya meza. Hakuna aliyepinga. Baba alijibu kwa alama ya dole gumba.

Bibi hakuwemo kwenye grupu. Simu yake ilikuwa kitochi.

Mwezi ule ule wa harusi treni ya abiria kati ya Dar na Moshi ilirudi baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Baba alikuja Dar kwa treni hiyo akiwa kijana, kwa hiyo hakutaka kusikia habari ya basi. Tukapanda siku sita kabla ya sendofu. Nililala tangu kabla ya Korogwe, nikaamka alfajiri milima ya Upare iko upande wa kulia, Baba amesimama dirishani na koti lake begani. Hakuwa amelala. Alinitajia kila stesheni kabla hatujaifikia, na mara zote alipatia. Mlima wenyewe hatukuuona. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa kubwa mno, na wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba.

Baba Mkubwa alitupokea stesheni na pikapu yake. Tukapita Kiboriloni katikati ya mitumba, tukaanza kupanda kwenda Old Moshi. Tulipofika Tsuduni, Baba akanionyesha uliko mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, na wenzake 18, tarehe 2 Machi 1900. Kila tukipita hapo lazima aseme, na kila akisema Baba Mkubwa hupunguza mwendo. Kisha Kidia, kisha njia nyembamba kati ya vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, maji ya mfereji yakipiga kelele pembeni.

Bibi alikuwa jikoni, lile jiko la nje lenye mafiga matatu makubwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na nguo za kazi?"

Nyuma yake, juu ya jamvi, kulikuwa na ulezi. Ulikuwa umeshalowekwa, umeshachipua, umeshaanikwa. Ulezi haufiki hapo kwa siku mbili. Darini ndizi alizozivundika zilikuwa zinanukia utamu mpaka nyuki walikuwa wanaingia. Nikaelewa kwamba kazi hii aliianza kabla sijapata tiketi, na kwamba habari zangu zilikuwa zimemfikia.

"Nimesikia mmefuta mbege," alisema, bila ukali. "Karatasi ni yenu, mna hesabu zenu. Lakini wakwe wakishaketi, mimi nitawapa nini kwa mkono wangu? Bia ya kununua?"

Nilimuuliza fedha ya ulezi kaitoa wapi. Akasema ameuza kahawa. Kahawa ile ilikuwa ya kuezeka upya banda la ng'ombe, alikuwa ameniambia mwenyewe kwenye simu mwezi Septemba. Sikupata la kujibu. Nikaenda kubadilisha nguo.

Siku nne zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kuliko harusi yenyewe. Jumamosi tulimenya ndizi hadi vidole vyangu vikawa vyeusi kwa utomvu, tukazipika kwenye pipa lililokatwa, tukizikoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, mpaka zikageuka rangi kuwa nyekundu ya udongo. Hazitakiwi kuachwa dakika tano, zitashika chini. Bibi alikuwa na miaka 79 na alikoroga zamu ndefu kuliko yangu. Tukazifunika kwa majani ya migomba tukaziacha zichachuke.

Jumatano asubuhi ukaja msesewe. Ni gamba la mti, limekaushwa na kutwangwa, chungu kiasi kwamba ukilamba kidole tu ulimi unakufa ganzi hadi mchana. Bibi hakuwa na kipimo. Alichota kwa kiganja, akatia kwenye uji wa ulezi unaochemka, akanusa mvuke, akaongeza nusu kiganja. "Ukizidi, mgeni ataweka kata chini. Ukipungua, umempa uji," akasema. Akanishika mkono, akanifungua kiganja, akanipimia pale pale kwenye ngozi yangu nijue uzito wake. Mpaka leo naujua.

Halafu tukazichuja zile ndizi, maji yake tukayachanganya na uji uliopoa. Ndani ya saa chache madebe yalianza kutoa sauti. Mbege ikichachuka inanong'ona. Sina neno jingine.

Tulizungumza sana siku zile. Bibi alinieleza alivyoolewa 1960, mbege ya kwake ilipikwa na mama mkwe kwenye jiko lile lile, akaambiwa asimame akoroge mbele ya wanawake wa ukoo wamwone mkono. Alinieleza pia kwa nini Shangazi alichelewa. Hilo sitaliandika, ni lake. Ila niseme hivi: niliishi na Shangazi miaka 15, nikala chakula chake, akanilipia ada, na sikuwahi kujiuliza nani anamngoja.

Jioni ile Bibi alinituma nimwite. Tukaenda watatu hadi kwenye kaburi la Babu, ndani ya kihamba, pale palipopandwa masale pande zote nne. Bibi ni Mlutheri wa kanisa la kila Jumapili na kwaya ya akina mama. Alimwaga mbege kidogo chini, akasema maneno ya Kichagga ambayo sikuyashika yote. Nilisikia jina la Shangazi, na nikasikia "aika", asante. Shangazi alikuwa amepiga magoti kwenye tope na kanga yake mpya. Hatukusema kitu tukirudi.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nane pikapu ya Baba Mkubwa, ikiwa na madebe sita nyuma, iliteleza na kuzama gurudumu chini kidogo ya nyumbani. Tulisukuma, tukaweka mawe, tukaweka magogo ya migomba, ikazidi kuzama. Ukumbini mjini wapambaji walikuwa wananipigia simu kudai salio lao. Nilimwambia Bibi tushushe tu, twende na Noah ya wageni, mbege ibaki tutainywa nyumbani kesho. Aliniangalia kwa muda. Kisha akageuka, akaita jina la jirani, na la jirani mwingine, kwa ile sauti ya mlimani inayovuka mabonde. Vijana saba wakatoka migombani. Wakajitwisha debe moja moja, wa saba kashika kata mbili za kibuyu na mwavuli wa Bibi, wakashuka nayo kwa miguu mpaka penye lami. Niliwafuata nyuma viatu mkononi. Katika madebe yote sita hakuna aliyemwaga hata ya kujaza kikombe.

Ya ukumbini nitayapita haraka, maana sendofu zinafanana. Matarumbeta, wazazi wakaingia, maharusi watarajiwa wakaingia, utambulisho mrefu, vicheko. Ndafu zikaletwa zimesimama kwenye meza, majani mdomoni, Shangazi akakata na kuwalisha wakwe. Wakwe walikuwa wa Kibosho, Wakatoliki, na mazungumzo kuhusu kanisa gani yalikuwa yamechukua miezi. Baba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye koti la kaki, alikuwa amekaa tangu mwanzo bila kuongea na mtu. Kuna mtu wa kamati alininong'oneza kwamba mzee hajaridhika.

Mbege haikuwemo kwenye ratiba. MC alipotangaza zawadi, Bibi aliinuka, akapita mbele yake kana kwamba hamwoni, akafunua debe la kwanza. Muziki ukakatika wenyewe. Akachota kwa kata, kata ya Babu, ile yenye ufa ulioshonwa kwa waya. Akanywa kwanza yeye, wageni wakimwona, ndivyo inavyopaswa: mwenye pombe huonja kabla ya kumpa mtu. Akaenda nayo kwa mikono miwili mpaka kwa yule mzee, akakunja magoti kidogo.

Mzee alisimama kuipokea. Alikunywa, akatua, akanywa tena. Akasema jambo kwa Kikibosho. Kichagga cha Kibosho na cha Old Moshi havilingani kila neno, lakini Bibi alicheka, akamjibu. Baadaye nilimuuliza Baba walisema nini. Mzee aliuliza msesewe umechemshwa muda gani, maana marehemu mkewe alikuwa akiutoa mapema hivyo hivyo. Akakaa karibu na Bibi usiku mzima. Shangazi alipopewa kata, alikunywa, kisha akainama akamfuta Bibi povu mdomoni kwa kidole gumba, kama anavyofutwa mtoto.

Usiku, tulipokuwa tukihesabu fedha na Baba Mkubwa, nilifungua daftari la kamati na kuurudisha mstari kwa kalamu: mbege, madebe sita, Bibi. Safu ya fedha niliiacha wazi.

Jumamosi ndoa ilifungwa. Jumapili, tumerudi Kidia, nikawa naosha madebe mferejini na Bibi akihesabu vyombo. Madebe sita yalikuwepo. Kata ilikuwepo moja. Ile ya Babu haikuwepo. Nilishtuka, nikashika simu nimpigie shemeji aulize kwao. Bibi akanizuia.

"Iko kwa mzee, nilimwona akiondoka nayo chini ya koti. Usimpigie."

"Lakini ni ya Babu."

"Ndiyo. Kwa hiyo itabidi twende kuifuata."

Walikwenda mwezi Februari, yeye, Baba Mkubwa na Shangazi, na debe moja la mbege nyuma ya pikapu. Kata hawakurudi nayo. Waliiacha Kibosho wakapewa nyingine.