Jinsi nilivyoondoa rovu kwenye zizi la mbuzi

Majike wangu watatu, hapa nyanda za juu za Njombe, walizaa watoto wenye manyoya haba, wasioweza kusimama kunyonya, na kila mmoja alikuwa na uvimbe kooni, mkubwa kama limau. Nilidhani ni majipu, lakini daktari wa mifugo alipoupapasa alisema ni rovu, yaani tezi ya shingo iliyotanuka kwa kukosa madini joto. Kosa lilikuwa langu: muda wote wa mimba niliwalisha mabaki ya kabichi, ambayo huizuia tezi kuyatumia madini hayo, na chumvi niliyowapa ilikuwa magadi matupu (wazee wetu huyasifu mno).

Nilipunguza kabichi, kisha, kabla ya kupandisha tena, nikatundika jiwe la kulamba lenye madini joto chini ya paa, kwa kuwa mvua huyaosha. Mbuzi huhitaji kidogo sana, takriban miligramu 0.5 kwa kila kilo ya chakula kikavu na 0.8 akiwa ananyonyesha. Sikuongeza kitu kingine, maana yakizidi nayo huleta rovu.

Baada ya miezi mitano hivi nilipokea watoto wanne wenye shingo nyembamba, na wa kwanza alisimama kabla sijamaliza kumkausha mwenzake.