Taya, Kichwa na Kizunguzungu: Fiziotherapia Ilivyonisaidia

Kwa miezi minane nilihangaika na mambo matatu nikidhani hayahusiani. Kichwa nilikimezea dawa. Kizunguzungu kilinipeleka kupimwa masikio, yakaonekana mazima. Taya lililokuwa likialika kila nikipiga mwayo sikuwahi hata kumtajia daktari.

Aliyeyaunganisha yote ni daktari wa meno. Nilimwendea nikiamini gego la mwisho limetoboka, maana upande wote wa kushoto ulikuwa unavuta mpaka ndani ya sikio. Akalipiga picha, jino zima. Kisha akanipa kioo nitazame ulimi wangu: kingo zake zilikuwa na mabonde mabonde, alama za meno. Ndani ya shavu kulikuwa na mstari mweupe. "Unakaza meno," akasema, "tena naona si usiku tu." Akaniandikia nikamwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Mtaalamu hakuanza na taya. Aliniuliza kwanza kuhusu kizunguzungu: kinakuja nikigeuka kitandani? Nimewahi kuzimia, kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito? Alieleza kwamba kizunguzungu kinachotokana na shingo hukubaliwa baada ya kuondoa sababu nyingine, na kwamba wapo watu wasiopaswa kuanzia kwake. Mwenye umri unaozidi miaka 50 anayepata maumivu mapya ya kichwa pembeni mwa paji na taya likimchoka akitafuna, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mishipa ya damu ikiwa imevimba anaweza kupoteza macho. Maumivu ya taya yakija pamoja na kubanwa kifua, hiyo ni dharura ya moyo.

Ndipo akaniambia nifungue mdomo nipachike vidole vitatu vilivyopangwa kwenda juu. Viliingia viwili, kwa shida. Rula ilisema milimita 29. Watu wazima wengi hufika kati ya 40 na 50.

Akavaa glavu, akaweka kidole gumba ndani ya shavu na cha shahada nje, akaubana msuli wa kutafunia. Maumivu yakapanda moja kwa moja hadi pembeni mwa paji, yaleyale niliyokuwa nayamezea dawa. Machozi yalinitoka, kwa uchungu na kwa nafuu ya kujua hatimaye yanatoka wapi. Alisema neva za uso na za shingo ya juu hukutana sehemu moja kwenye shina la ubongo, kwa hiyo kinachouma hapa huweza kusikika kule. Nayo shingo huuarifu ubongo kichwa kimekaaje. Ikikakamaa, taarifa zake hupingana na za macho na sikio, na mtu anayumba.

Nilitegemea kukandwa. Kumbe kazi kubwa ilikuwa yangu. Sema "N", akaniambia, halafu acha ulimi palepale. Midomo imefungwa, meno hayagusani. Sikuwa najua kwamba meno hupaswa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu! Nikabandika karatasi ndogo ya njano pembeni mwa skrini, na kila nikiiona najikagua. Siku ya kwanza, kati ya mara 20, mara 17 nilikuta nimeyakaza.

Mazoezi yenyewe hayakuwa mengi: kufungua mdomo polepole ulimi ukiwa umegusa kaakaa, kurudisha kidevu nyuma, na kukazia macho herufi ukutani huku nikigeuza kichwa kushoto na kulia. Hili la mwisho wiki ya kwanza lilinizidishia kizunguzungu, nikataka kuliacha. Aliniambia kikitulia ndani ya dakika chache niendelee, kikikaa nipunguze kasi. Nilipunguza.

Kilichonitesa zaidi ni dawa. Nilikuwa nameza za maumivu karibu kila siku, na daktari akanifafanulia kwamba mazoea hayo yenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Tulizipunguza chini ya uangalizi wake, na wiki mbili zile zilikuwa mbaya kuliko zote.

Wiki ya sita kichwa kilikuwa kinauma mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Ya kumi na mbili, kidole cha tatu kikaingia. Taya bado linaalika, lakini haliumi wala halikwami, na nimeambiwa likiwa hivyo halihitaji tiba. Nashukuru sikumsikiliza aliyenishauri nikachongwe meno "yakae sawa", kwani jino likishachongwa halirudi.

Karatasi ya njano bado ipo, imepauka. Jana jioni niliitazama nikakuta nimekaza tena. Nikasema N kimoyomoyo, mabega yakashuka, nikaendelea kuandika.