Kinachommaliza mwandishi wa kujitegemea ni kusubiri

Mwandishi wa kujitegemea akiacha kazi, watu husema alikata tamaa kwa sababu makala zake zilikataliwa. Mara nyingi sivyo. Kukataliwa kunauma siku moja, mbili, kisha kunapita. Kinachommaliza mtu ni kusubiri: asubiri jibu la mhariri, asubiri makala itoke, ikitoka asubiri malipo, na mwenye nyumba naye anasubiri kodi yake. Maneno ya kutiana moyo hayasaidii sana hapo. Kinachosaidia ni utaratibu wa kazi.

Tuanze na mapendekezo ya makala, yaani mawazo unayomtumia mhariri ili akuagize uandike. Uwe na daftari, au jedwali kwenye kompyuta, lenye safu saba: tarehe uliyotuma, chombo cha habari, jina la mhariri, wazo kwa sentensi moja, tarehe ya kukumbusha, jibu, na chombo kitakachofuata. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa, na inajazwa kabla hujatuma popote. Asiye na pa kupeleka wazo lake likikataliwa hukaa akilitazama jibu. Aliyekwisha kuandika jina la chombo cha pili ana kazi ya kufanya jioni hiyohiyo: anabadilisha aya ya kwanza iwafae wasomaji wale wengine, anatuma, anaendelea na mengine.

Kwa habari inayochacha haraka, kumbusha baada ya siku mbili. Kwa makala ya kina, siku saba hadi kumi. Kumbusha mara moja tu, kwa sentensi mbili, ukijibu ndani ya baruapepe ileile ili pendekezo lako lionekane chini. Kimya kikiendelea siku tano zaidi, mwandikie mhariri kwamba unalipeleka wazo kwingine, kisha ulipeleke kweli. Wanaoharibu hapa ni wale wanaotuma wazo moja kwa wahariri watatu kwa mpigo. Wawili wakikubali, mmoja utamkosea, na wahariri wa mji mmoja wanajuana.

Kimya chenyewe usikisome kama hukumu. Bajeti ya waandishi wa nje inaweza kuwa imeisha. Tangazo linaweza kuwa limekula ukurasa. Mwandishi wa ndani anaweza kuwa ameshapewa habari hiyohiyo. Lakini kuna sababu moja iliyo mikononi mwako, nayo ni kutuma mada badala ya habari. “Changamoto za wakulima wa mwani Zanzibar” ni mada. Mhariri hana la kuifanyia. Sasa tazama hii: karibu na ufuo maji yamekuwa ya moto na mwani aina ya kotonii unakufa, kwa hiyo wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja wanatafuta kuhamishia mashamba kwenye kina kirefu, na wengi wao hawajui kuogelea. Hapo kuna watu, kuna tatizo na kuna hatari. Ongeza aya ya pili inayosema kwa nini sasa, na ya tatu inayotaja utakaozungumza nao, kama una picha, makala itakuwa na maneno mangapi na utaikabidhi lini. Maneno 200 yanatosha kwa vyote hivyo. Pendekezo la kurasa mbili halisomwi, hata liwe zuri namna gani.

Mhariri akikataa kwa kueleza sababu, amekupa kitu. Mjibu siku hiyohiyo kwa shukrani na wazo jingine linalozingatia alichosema. Wengi hununa hapa, na wanapoteza nafasi ambayo haikuwa imefungwa.

Lipo pigo baya zaidi: wazo lako limekataliwa, wiki mbili baadaye linatoka kwa jina la mtu mwingine. Sheria ya hakimiliki hulinda namna ulivyoandika, hailindi wazo tupu, kwa hiyo kupeleka jambo hilo kwa wakili ni kupoteza nauli. Kinga yake ni kutuma kiasi cha kumshawishi mhariri bila kutaja namba za simu wala majina kamili ya vyanzo vyako. Chanzo kinachokuamini wewe ndicho kinachofanya wazo liwe lako. Pia inawezekana kabisa kwamba watu wawili wamewaza jambo moja. Hutokea sana, hasa msimu wa uchaguzi au mvua.

Kwenye fedha ndiko wengi huvunjikia. Kabla hujaanza kuandika, uliza mambo matano kwa maandishi: ni kiasi gani, nalipwa makala ikikubaliwa au ikichapishwa, inachukua siku ngapi baada ya hapo, haki za makala zinabaki kwa nani, na ikifutwa nikiwa nimeshaifanya napata nini. Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Makala iliyokubaliwa Machi inaweza kuchapishwa Juni na kulipwa mwisho wa Julai, na hakuna aliyekudhulumu. Ndivyo mlivyopatana, ila hukuuliza. Kwa makala iliyoagizwa ikafutwa, robo hadi nusu ya malipo ni ombi la kawaida, na mhariri mzoefu hatashtuka.

Peleka ankara siku unayokabidhi kazi. Iwe na namba, tarehe, kichwa cha makala, idadi ya maneno, kiasi, namba yako ya mlipakodi (TIN kwa Tanzania, PIN ya KRA kwa Kenya), na jina lako kama linavyosomeka benki. Jina likitofautiana hata kwa herufi moja, malipo yanaweza kurudi na ukaanza foleni upya. Siku ya malipo ikipita, kesho yake waandikie watu wa uhasibu. Usimwandame mhariri: hashiki fedha, na ndiye unayemhitaji kwa kazi ijayo. Wiki mbili zikipita bila kitu, piga simu, uliza ankara iko mezani kwa nani. Na ukiona umelipwa pungufu kwa asilimia 5, usikimbilie kulalamika. Nchi zote mbili, kwa mkazi wa nchi husika, mlipaji hukata kodi ya zuio kwenye ada za huduma za kitaalamu. Dai cheti chake, maana kiasi hicho kinahesabiwa wakati wa kufanya ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka.

Sasa hesabu ambayo wengi wanaiogopa. Tuseme makala inalipa shilingi 50,000 za Tanzania. Kodi ya zuio 2,500, nauli 12,000, bando na vocha 3,000. Zimebaki 32,500. Kama safari, mahojiano na uandishi vimekula saa 20, umefanya kazi kwa shilingi 1,625 kwa saa. Mtu wa namna hii akisema hana ari, ari haina kosa. Bei ndiyo mbovu. Ama upandishe bei, ama safari moja izae zaidi ya kazi moja. Kutokana na mahojiano yaleyale unaweza kuandaa kipindi cha redio, au makala nyingine yenye upande tofauti kwa chombo kingine, mradi hukuuza haki zote. Hiyo ya pili ikilipa 40,000 na kukuchukua saa nne tu, umeongeza 38,000 baada ya kodi, na wastani unafika karibu shilingi 2,940 kwa saa. Makala za kina huanza kulipa hapo.

Usitegemee makala peke yake. Panga kazi za ugali zinazolipa haraka na kwa uhakika, kama tafsiri, uhariri, kunakili mahojiano, ripoti za mashirika, halafu kazi za jina, ambazo zinalipa polepole lakini ndizo zinazoleta wateja. Mteja mmoja akizidi nusu ya mapato yako, anza kutafuta mwingine hata kama mnapendana, kwa sababu mhariri akihamishwa, mkataba wenu huhama naye. Kila malipo yakiingia, toa asilimia 20 uweke kwenye akaunti nyingine kabla hujagusa kitu, hadi ifike matumizi ya miezi mitatu. Mwenye akiba hiyo husubiri jibu kwa utulivu. Asiye nayo hukubali bei yoyote.

Kwenye majukwaa ya kutafutia kazi mtandaoni, kusubiri kuna gharama yake. Upwork inakuuzia tokeni za kuombea kazi, na Fiverr inakata asilimia 20 ya malipo. Usiombe kazi ambayo mteja hajathibitisha njia ya malipo, wala iliyokwisha kupata maombi hamsini. Maombi matano yaliyoandikwa kwa kumsoma mteja yanafaa kuliko arobaini ya kunakili na kubandika.

ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika, ilipotoka Novemba 2022, Wakenya wengi waliokuwa wakiishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa nje waliona kazi zikikauka. Ile biashara ilikuwa na doa tangu mwanzo, tusidanganyane, lakini njaa ilikuwa ya kweli. Programu kama hiyo huandika haraka kile ambacho tayari kimo mtandaoni. Haiwezi kwenda mahakama ya mwanzo, haiwezi kukaa sokoni Kariakoo saa kumi na moja alfajiri, na Kiswahili chake bado kinahitaji mtu wa kukinyoosha. Elekeza juhudi huko.

Katika siku nzito, andika kabla hujafungua baruapepe. Fungua barua mara mbili tu, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Jibu baya la saa moja asubuhi huharibu siku nzima. Weka kiwango cha chini ambacho hata mgonjwa wa mafua anakifikia: maneno 300, au simu moja kwa chanzo. Hifadhi kazi kwenye simu pia, kwa sababu umeme ukikatika na bando likaisha, visingizio vinakuja vyenyewe.

Na kama umekaa miezi bila kuchapishwa, usianze na mhariri usiyemjua. Rudi kwa aliyewahi kukuchapisha, umtumie mistari michache isiyotaja shida zako: “Habari za kazi, Mhariri. Mwaka jana mlichapisha makala yangu kuhusu bei ya korosho Mtwara. Nimerudi kwa wakulima walewale, na safari hii wana malalamiko mapya kuhusu malipo ya mnada. Naweza kukukabidhi maneno 900 na picha tano ifikapo Alhamisi. Je, nafasi ipo?” Tuma Jumanne asubuhi, kikao cha wahariri cha Jumatatu kikiwa kimeshapita.