Silabi mbili

Leo ni siku ya sita na bado nayasikia yale maneno ya kikaoni. Naosha vyombo, nayasikia. Namsuka binti yangu nywele, nayasikia.

"Hii ripoti ya hesabu kaiandaa nani?" bosi aliuliza kikaoni.

Jibu lina silabi mbili tu: mimi. Midomo ikafumbana kwa ile M ya mwanzo, ikagoma kufunguka. Mlionizoea mnajua kwamba kigugumizi changu siku hizi si kule kurudiarudia herufi kwa utotoni. Ni kukwama. Pumzi inasimama, shingo inakaza, sauti haipo, na anayenitazama anaona mtu aliyekosa la kusema.

"Ni mmm..."

"Ni mwenzako?" akanisaidia, akimgeukia dada aliyekaa kushoto kwangu.

Nikaitikia kwa kichwa.

Wiki tatu za kulala saa nane za usiku, nami nikaitikia kwa kichwa. Mwenzangu alinigeukia ameduwaa, na kabla hajafungua kinywa kikao kilikuwa kimeshahamia ajenda nyingine. Baadaye aliniuliza kwenye ngazi kwa nini nimefanya vile. Nilimwambia yaishe.

Bosi simlaumu sana. Ni mtu mwema, na kama wengi anadhani kunimalizia sentensi ni kunitua mzigo. Kinachonichoma ni kwamba kweli niliona nafuu. Neno lake lilipoingia mahali pa langu, kifua kilifunguka, nikapumua. Kwa sekunde kadhaa nilimshukuru mtu aliyekuwa ananinyang'anya kazi yangu.

Halafu usiku nikakumbuka kwamba ningeweza kusema "kazi yangu hiyo". K hainisumbui. Nikajilaani kwa kutolikumbuka mapema, kisha nikashtuka: hata majuto yangu ni ya kutafuta uchochoro. Ndivyo nilivyoishi. "Mama" likikataa kutoka, nasema "aliyenizaa". "Mbili" ikikwama, nasema "jozi". Watu wamekuwa wakinisifu kwamba nina Kiswahili kipana, na mimi napokea sifa hizo nikijua kila neno lile la kupendeza limekaa mahali pa jingine nililoliogopa.

Katikati ya hayo mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na sisi tumekwisha kuhama, ingawa maboksi bado yamejaa sebuleni.

Jumamosi nilikaribia kutokwenda kundini, kwenye mkutano wetu sisi wenye kigugumizi. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeahidi kufungua mlango. Tulikuwa tisa, wanawake wawili. Kwa watu wazima inakadiriwa kwamba mwenye kigugumizi ni kama mmoja katika mia, na wanaume ni kama wanne kwa kila mwanamke mmoja, ndiyo maana nilifika utu uzima sijawahi kumsikia mwanamke mwingine akikwama kama mimi. Yule mwanamke mwingine wa kundini akianza kuongea, mwili wangu wote unamsikiliza.

Niliwasimulia. Nilipofika kwenye jibu, nikakwama palepale, kwenye M ileile. Hakuna aliyenisaidia. Hakuna aliyeangalia chini wala aliyejikuna. Walinitazama usoni kama mtu anavyomtazama mwenzake ambaye bado anaongea, kwa sababu nilikuwa bado naongea.

"Mimi," nikasema hatimaye, kwa sauti iliyotetemeka.

Kukawa kimya kidogo. Kisha mzee wetu, yule ambaye goti lake huruka kila neno linapomzuia, akasema polepole sana kwamba kifungua mimba wake alimpa jina aliloweza kulitamka. Si alilolipenda.

"Na ulilolipenda?" kijana mmoja akamuuliza.

Goti likaanza. Tukangoja. Sijui ni muda gani, sikuangalia saa. Jina likatoka zima, naye akalisema tena mara ya pili, taratibu, kama aliyekuwa analijaribu mkononi. Silitaji hapa, ni lake. Niliondoka pale nikiwa mwepesi, na usiku ule nililala bila kukirudia kile kikao hata mara moja.

Mtaalamu wangu wa matamshi alinifundisha zamani: neno likikukwama usilikimbie, simama, tulia, kisha liseme lilelile kwa utulivu. Nililichukua kuwa zoezi la mdomo. Sasa naona hata siku nzima inaweza kusemwa tena. Nimeandika barua pepe kwa bosi mara mbili, nimeifuta mara mbili. Kesho nitamwendea ofisini nimwambie ni nani aliyeiandaa, na nitatumia neno lilelile.

Ila paka hajaonekana tangu tuhame. Binti yangu ameacha dirisha la jikoni wazi usiku wa tatu huu, na leo mawingu yametanda.