Mzinga wa gogo ulivyoniokoa darasani

Ilikuwa Ijumaa, kipindi cha mwisho, mabati yanawaka kwa jua la Tabora. Nilikuwa nimewasimulia kidato cha sita kwamba DVD ya kawaida huandikwa tabaka moja au mawili kila upande, lakini kuna polima, yaani vitu vya jamii ya plastiki, ambazo leza inaweza kuziandika matabaka mengi ndani kwa ndani, moja chini ya jingine. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mwanga si unapita juu kabla ya kufika chini? Mbona huko juu hakuandikwi?"

Nikajibu kwamba lenzi inaukusanya mwanga, kwa hiyo unakuwa mkali pale tu unapokutana. Hakuridhika. Usiku nikapiga hesabu nikaona hakukosea. Tuseme kwenye tabaka la juu mwanga umetawanyika eneo kubwa mara 100. Ukali wake umepungua mara 100, sawa, lakini molekuli zinazoguswa zimeongezeka mara 100. Jumla ni ileile! Tabaka la juu lingeharibika sawasawa na la chini.

Jumatatu nikaanza na mzinga wa gogo. Huku kwetu nani asiyeujua; nusu ya darasa wana wajomba warina asali. "Mtu mmoja anaupandisha mtini?" Wakacheka. Wanatakiwa wawili, tena kwa wakati mmoja. Sasa watawanye watu porini: ni nadra wawili kukutana kwenye mzinga mmoja. Wasonganishe mahali pamoja, mizinga inapanda.

Fotoni, yaani chembe za mwanga, ndio watu wetu. Leza huchaguliwa ili fotoni moja isitoshe kuibadilisha molekuli, zifike mbili kwa pamoja. Hapo ukali ukizidi mara 100, uwezekano unazidi mara 100 kwa 100, yaani 10,000. Gawanya kwa 100 kwa sababu eneo ni dogo: tabaka lililolengwa bado linabadilika mara 100 kuliko la juu. Penye alama, mwanga hupinda tofauti kidogo, na alama husomwa kwa tofauti hiyo.

Nikawaambia pia kwamba mwanafizikia Maria Göppert-Mayer aliyatabiri haya mwaka 1931, na yakaonekana 1961, leza ilipokwisha kupatikana. Jina hilo nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa, makusudi.

Yule msichana akanyoosha tena. "Na mzinga ukihitaji watu watatu?"

Nikampa chaki. Akaandika 1,000,000, akafuta sifuri mbili za eneo, akarudi kukaa.